Ufa wa Mguu wa Kushoto

Asubuhi baada ya nusu fainali, Gerishom aliteremsha miguu kitandani, akasimama, na papo hapo akakaa tena. Mguu wa kushoto ulikuwa umekataa. Haukuwa umevimba wala kuteguka. Kuteguka alikujua vizuri. Huu ulikuwa uchungu mwingine, wa mahali pamoja tu, chini kidogo ya kifundo, kana kwamba mtu ameweka msumari pale na kuugonga taratibu kila alipokanyaga.

"Ronny," aliita. "Hebu niletee barafu."

Ronny alikuwa jikoni akikaanga mayai. Walikuwa wakiishi pamoja katika fleti ya chuo huko Dubai Silicon Oasis kwa mwaka wa tatu sasa, Mkenya wa Vihiga na Mganda wa Jinja, mmoja mrefu kupita milango, mwingine mfupi mwenye mbio, nahodha wa timu. Ronny alikuja na barafu ndani ya taulo, akautazama ule mguu, akasema, "Utapoa. Fainali bado wiki mbili." Akarudi kwenye mayai yake.

Chuo chao kilikuwa kidogo, cha watu binafsi, na kabla ya Gerishom timu yake ya mpira wa kikapu haikuwa imewahi kufika popote. Alikuwa anasomeshwa bure kwa sababu ya mchezo huo, na kwa miaka minne alikuwa amekitumikia chuo kwa mwili wake: mazoezi alfajiri kabla ya masomo, mazoezi jioni baada ya masomo, mechi kila wikendi. Sasa wamefika fainali ya vyuo. Walimu ambao hawakujua kikapu kimoja ni pointi ngapi walikuwa wanamsimamisha kwenye lifti wamshike mkono. Na baada ya fainali alikuwa anahitimu, na klabu moja ya Uturuki ilikuwa imekubali kumsajili awe mchezaji wa kulipwa.

Barafu haikusaidia. Kesho yake Rumaisa alimpeleka kupigwa picha ya mguu. Rumaisa alikuwa fizio wa timu, mtabibu wa viungo, mama wa makamo mwenye mikono yenye nguvu, aliyezaliwa hapahapa Dubai katika familia ya Kizanzibari na bado akizungumza Kiunguja cha bibi yake. Majibu yalipotoka alifunga mlango wa chumba chake kidogo kilicho nyuma ya ukumbi wa michezo, akamwambia Gerishom akae juu ya kitanda cha kukandia.

"Mfupa una ufa, mwanangu," alisema.

"Ufa vipi?"

"Haujavunjika. Umeanza kupasuka, kwa kuchoka tu, mana'ke hukuupumzisha. Ukiuacha utaunga wenyewe. Ukiuchezea, pengine siku hiyo usifanye kitu. Na pengine ukakatika vipande viwili ikabidi utiwe skrubu, na wapo waliotiwa skrubu wasirudi tena kama walivyokuwa."

"Pengine?"

"Pengine. Nikikwambia hakika nitakuwa nakuongopea."

Gerishom alitazama mguu wake. Ulikuwa mguu uleule, wenye kucha nyeusi na alama ya soksi. Haukuonyesha kitu.

"Kwa hiyo nisicheze fainali?"

Rumaisa alivuta pumzi. "Hali ya mfupa nishakueleza. Kucheza na kutocheza hiyo ni shauri yako, wewe na mwalimu wako wa kikapu." Akamletea buti la plastiki, refu hadi karibu na goti, lenye mikanda ya kubana, akamfundisha kulivaa. "Usilivue ila ukilala au ukioga."

Alipotoka nje na lile buti, jua lilikuwa kali na basi lilikuwa limeondoka. Aliketi kituoni akamtumia wakala wake ile picha ya mguu, na kabla basi jingine halijafika simu ililia. Alikuwa Wahid, wakala aliyemtafutia klabu, mtu wa maneno ya haraka ambaye siku zote alisikika kama yuko ndani ya gari.

"Nimezungumza na Waturuki," alisema Wahid. "Nimewaambia ukweli, maana picha wataiona tu. Wamesema watakungoja upone, hakuna shida. Lakini wakisikia umecheza na ufa, khalas. Hawataki mtu asiyejitunza."

"Kwa hiyo unaniambia nisicheze."

"Mimi siwezi kukuambia hivyo, bwana. Wewe ni mtu mzima, na chuo ndicho kilichokusomesha. Uamuzi ni wako."

Gerishom alirudisha simu mfukoni. Alikuwa amechoka kiasi kwamba basi lililofuata lilipofika, aliliangalia likifungua milango na kuifunga bila yeye kuinuka.

Kocha Faiz alimsubiri amalize masomo, kisha akamwita ukumbini, mahali palipokuwa patupu isipokuwa mfanyakazi aliyekuwa akipiga deki mstari kwa mstari. Faiz alikuwa mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, ndevu zimeanza kuwa nyeupe. Alikuwa amewahi kuchezea timu ya bandari enzi zake, akaja Dubai kuuza vipuri vya magari, na kufundisha kikapu kulikuja baadaye, kwa mapenzi tu. Walikaa kwenye benchi.

"Mimi sikulazimishi," alianza. "Wajua hivyo."

"Najua, kocha."

"Lakini sitakuficha. Ofisini wamenidokeza. Tukitoka mikono mitupu mwaka huu, ukumbi huu watautia mashine za mazoezi, na timu basi. Wale vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili nitawaambia nini?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimefikiria hivi. Usianze. Robo tatu ukae. Robo ya mwisho, kama tuko karibu, tunaufunga mguu vizuri, unaingia dakika chache. Wakikuona tu umesimama chini ya kikapu watapungua nguvu. Si lazima hata uruke."

Wote wawili walijua kwamba hakuna mchezaji wa kikapu asiyeruka.

"Na mguu ukikatika?"

Faiz alimtazama mpiga deki. "Ndiyo maana nasema sikulazimishi. Fikiria. Uamuzi wako nitauheshimu."

Ronny ndiye pekee ambaye hakusema habari ya uamuzi. Asubuhi yake wakinywa chai alisema yote kwa pumzi moja.

"Mimi nikimaliza, Geri, hakuna Uturuki. Hakuna mtu amenipigia. Visa ya chuo ikiisha narudi Jinja, nakaa kwa duka la mjomba, nauza misumari na mabati. Hiyo nimekubali, sina neno. Lakini fainali moja. Moja tu. Wewe utakuwa na nyingine mia."

"Nisipovunjika."

"Banange, Geri! Umecheza na huo mguu msimu mzima na hukujua. Siku moja zaidi itafanya nini?"

Swali hilohilo Gerishom alikuwa amejiuliza mwenyewe. Alipanda basi kwenda darasani, akakaa nyuma, na mhadhara wa saa mbili ukapita juu ya kichwa chake. Chuoni kote watu walikuwa wanalitazama buti kwanza, kisha uso wake. Utacheza? Si utacheza lakini? Wengine walimwambia apige moyo konde. Wengine, kwa sauti ya chini, walimwambia asiwe mjinga. Na kila mmoja alimaliza kwa kumpiga begani na kumwambia kwamba mwisho wa yote ni yeye mwenyewe ajuaye.

Siku ya mapumziko alikwenda kwa dada yake.

Annah alikuwa ametangulia Dubai miaka mingi. Alikuja kama msafisha vyumba, na sasa alikuwa supavaiza wa wasafishaji katika hoteli moja ya Al Mankhool, akiishi mitaa miwili nyuma yake, katika chumba cha wanawake wanne kilichogawanywa kwa mapazia. Ndiye aliyesikia kwamba kuna chuo kinachotafuta wachezaji warefu, akawapelekea video ya mdogo wake akicheza kwenye uwanja wa vumbi wa shule. Gerishom alipopanda ngazi na buti lake, kila hatua ikigonga, Annah alikuwa tayari mlangoni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Ingia."

Ilikuwa siku ya wenzake kuwa kazini, kwa hiyo chumba kilikuwa kimya. Alimpikia ugali na sukuma, akamwekea kiti ainulie mguu, akaendelea kupiga pasi sare zake huku Gerishom akila. Gerishom alimweleza yote: Rumaisa, Wahid, Faiz, Ronny. Alieleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia mambo ya mwingine. Alipofika kwenye yale maneno ya mwisho ya kila mtu, Annah aliiweka pasi chini.

"Wamekuambia ni uamuzi wako?"

"Wote."

"Hata huyo fizio?"

"Hata yeye."

Annah alichomoa waya wa pasi ukutani, akakaa kitandani mkabala naye.

"Nikuambie kitu. Hoteli ya kwanza niliyofanya, ile kabla ya hii, nilianguka na godoro kwa ngazi. Mgongo ukakataa. Madam akaniambia, Annah, pole sana, ukiona unaweza kesho njoo, ukiona huwezi pumzika, uamuzi ni wako. Kulikuwa na wageni wengi, wenzangu wawili walikuwa wagonjwa. Nikaona aibu. Nikaja. Nikaja kesho yake na kesho kutwa. Mgongo haujarudi hadi leo, Gerishom. Unafikiri walinipandisha cheo kwa nini? Siwezi kuinama kutandika kitanda. Kazi yangu ni kuonyesha kwa kidole."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ungefanya nini? Ulikuwa Form Three." Alijiweka sawa kitandani. "Nilipolalamika, yule madam aliniambia, lakini Annah, si wewe mwenyewe ulisema unaweza? Na ni kweli. Nilisema."

Gerishom alisogeza sahani kando.

"Mimi sitakuambia ni uamuzi wako," Annah alisema. "Nakukataza. Usicheze. Mtu akikuuliza, sema dada yangu amenikataza. Wakasirike na mimi. Kocha akitaka namba yangu mpatie."

"Na Ronny?"

"Na Ronny pia mpatie."

Gerishom alitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Aliinamisha kichwa, akafunika macho kwa kiganja kimoja kikubwa, na mabega yakamtikisika. Annah hakumgusa. Alichukua sahani akaenda kuiosha, akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko sahani moja inavyohitaji.

Kesho yake Gerishom alimkuta Faiz ukumbini kabla ya mazoezi.

"Sichezi, kocha. Dada yangu amenikataza."

Faiz alikuwa ameshika mpira. Aliudundisha mara moja, akaudaka. "Dada yako mkubwa? Yule wa Mankhool?"

"Ndiyo."

"Ndiye aliyekulea?"

"Baada ya mama kufariki, ndiyo."

"Basi," alisema Faiz. Aliwaita vijana, akamwambia Marhun, mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Hatta ambaye kwa kawaida alicheza dakika mbili tatu mwishoni, kwamba ataanza. Marhun aligeuka kumtazama Gerishom kwa hofu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Kwa Ronny mambo hayakuwa mepesi hivyo.

"Dada yako?" alisema. "Una miaka ishirini na miwili, unaniambia habari ya dada yako?"

"Ronny…"

"Dada yako hayuko kwa timu. Dada yako hajakimbia na mimi saa kumi na moja asubuhi miaka mitatu." Akachukua begi lake akaenda kulala kwa rafiki mwingine, na siku zilizobaki hadi fainali alirudi fleti kuchukua nguo tu.

Fainali ilichezwa Jumamosi alasiri, dhidi ya chuo kimoja kutoka Sharjah. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Gerishom alikaa mwisho wa benchi, suruali ya timu juu na buti chini. Alipoingia, upande mmoja ulimpigia makofi, na kutoka mahali fulani juu akasikia sauti ikisema kwa Kiingereza kwamba bwana mkubwa ameshajiona yuko NBA. Watu wachache walicheka. Hakugeuka.

Walivyocheza wenzake siku hiyo hakuna aliyetarajia. Bila mtu mrefu wa kutupiwa mipira, walilazimika kukimbia, na Ronny aliwakimbiza. Aliiba mipira, alipita katikati ya watu wawili, alianguka akainuka kabla mwamuzi hajapuliza. Marhun alikosea mengi, lakini aliruka kwa kila mpira kana kwamba ni wa mwisho duniani, na hadi mapumziko timu zilikuwa zimefungana. Gerishom alipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Na ndani ya makofi hayo kulikuwa na kitu kingine, kitu kidogo kilichomuuma, cha kuona kwamba wanaweza.

Robo ya nne nguvu za miguu zilianza kuwaishia. Sharjah walikuwa na wachezaji wa akiba wenye uzoefu, wao hawakuwa nao. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Marhun alifanya faulo yake ya tano, akatolewa. Alirudi benchini akilia waziwazi, akajifunika taulo. Na hapo ndipo ilipoanza, kwanza kwa watu wachache wa juu, kisha ukumbi mzima upande wao:

"Geri! Geri! Geri!"

Walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Ronny alikuwa katikati ya uwanja, mikono magotini, akihema, na kwa mara ya kwanza tangu wagombane alimtazama Gerishom usoni. Hakumwita. Alimtazama tu.

Gerishom aliinama. Mikono yake ilikuwa inafungua mikanda ya buti kabla hajajua inafanya nini. Mkanda wa kwanza, wa pili. Viatu vyake vya kuchezea vilikuwa ndani ya begi chini ya benchi, alivibeba asubuhi bila kujiuliza kwa nini. Kelele zilikuwa zinamwingia kifuani, na alichotaka ni zikome, basi. Angeingia, ziishe.

Kivuli kilimfunika. Alipoinua macho alimwona Faiz.

"Funga hilo buti."

"Naweza dakika tatu, kocha. Siruki. Nasimama tu."

"Funga."

"Ulisema mwenyewe robo ya mwisho…"

"Kaa chini, Gerishom!"

Faiz hakuwa mtu wa kupiga kelele, na wachezaji wote benchini waligeuka. Akamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza ambaye jina lake nusu ya ukumbi hawakulijua. Kelele zilibadilika, zikawa za kumzomea kocha. Faiz alisimama kando ya uwanja, mikono nyuma, akizipokea zote mgongoni.

Walifungwa kwa kikapu kimoja. Ronny alipata nafasi ya mwisho, akarusha kutoka mbali, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka nje. Alibaki amekaa sakafuni pale alipoangukia mpaka watu wa Sharjah walipokwisha kubebana na kuimba.

Chumbani mwa kubadilishia nguo hakuna aliyemtukana Gerishom. Ingekuwa afadhali. Walivua soksi, wakaoga, wakaondoka wawili wawili. Alipotoka nje alimkuta Faiz kwenye maegesho, amekaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi, mguu mmoja nje, hajawasha injini.

"Kwa nini ulinikataza?" Gerishom aliuliza. "Wiki iliyopita ulitaka niingie."

"Wiki iliyopita nilitaka kushinda. Na leo pia nilitaka, usidhani sikutaka." Faiz alikuwa anaongea polepole, macho kwenye usukani. "Ningekuwa nimekuona unakuja kwangu na kuniambia, kocha, mimi nataka kucheza, labda ningekuacha. Mungu anisamehe, labda ningekuacha. Lakini nilikuona uso. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka watu wanyamaze. Huyo simwingizi."

"Na ukumbi? Na timu?"

"Sijui. Inshallah heri." Akavuta mguu ndani. "Nimechoka, mwanangu. Nenda nyumbani ukalale."

Mitihani ilikuja, ikaisha. Ronny alirudi kulala fleti kwa sababu hakuwa na pengine, na wakaishi kama wapangaji wasiojuana, kila mmoja akisubiri mwenzake atoke bafuni. Joto lilizidi hadi ikawa hakuna atembeaye nje mchana. Siku ya Ronny kusafiri, Gerishom alikuwa amelala kwenye kochi, buti limewekwa kando, alipomsikia akigombana na sanduku chumbani. Zipu ilivuta, ikakwama, ikavuta tena. Kisha kimya. Kisha:

"Geri. Njoo ukae hapa juu. Wewe mzito."

Gerishom alikwenda akakaa juu ya sanduku. Ronny alipiga magoti akaizungusha zipu pande tatu, akafika karibu na miguu ya mwenzake, akakwama hapo. Hakuinuka.

"Unaendeleaje, mguu?"

"Unaunga. Rumaisa amesema mwezi mwingine."

Ronny aliitikia kwa kichwa. Alikuwa bado ameshika zipu.

"Ingekuwa mimi, nisingecheza," alisema. "Ningekuwa na klabu inanisubiri, nisingecheza hata dakika moja. Najua. Nilijua siku ileile." Aliivuta zipu, ikakataa. "Si wewe uliyenikasirisha. Ni kwamba hakuna mtu aliyekuja kuniambia mimi nijitunze. Mimi ningekatika miguu yote miwili pale, wangesema pole, kisha wangeniuliza visa yangu inaisha lini."

Gerishom alifikiria kumwambia kwamba yeye ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote, ambayo ilikuwa kweli, na isingesaidia. Alifikiria kumwambia samahani.

"Mimi ningekuambia," alisema mwishowe. "Ungekuwa umeumia, ningekuambia usicheze."

"Ungeniambia kweli?"

Gerishom alifikiri. "Ningekuambia ni uamuzi wako," alisema, na Ronny akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, kilichompeleka mpaka akalaza paji la uso juu ya sanduku. Gerishom naye akacheka. Kisha wakaifunga ile zipu, wakashuka kutafuta teksi, Gerishom akibeba sanduku ingawa Ronny alimkataza. Waliagana kwa kupeana mkono, kisha Ronny akarudi akamkumbatia kiunoni, maana hapo ndipo alipofikia.

Klabu ya Uturuki haikumsubiri. Rumaisa aliinua picha mpya mbele ya taa, akasema "Alhamdulillah, umeziba," na wiki hiyohiyo Wahid akapiga simu kueleza, kwa maneno machache kuliko kawaida yake, kwamba kocha aliyemtaka Gerishom amefukuzwa, na kocha mpya amekuja na mtu wake. Haikuhusiana na mguu. Wala fainali. Angecheza, asingecheza, ingekuwa hivyohivyo. Gerishom aliisikiliza habari hiyo amesimama dirishani, akitazama paa za Silicon Oasis zinavyometameta kwa joto, na alishangaa kuona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na usingizi.

"Tutatafuta nyingine," alisema Wahid. "Una mguu mzima. Mtu mwenye mguu mzima anauzika."

Ilichukua kiangazi kizima. Visa yake ilikuwa karibu kuisha, na Annah alikuwa ameanza kumuulizia kazi ya ulinzi hotelini, ndipo klabu moja ndogo ya daraja la pili, katika mji wa baridi milimani hukohuko Uturuki, ilipomwita kwa majaribio ya siku kadhaa. Alikwenda. Aliruka mara ya kwanza bila kufikiri, akatua, akangoja uchungu. Haukuja. Wakamchukua kwa msimu mmoja.

Ujumbe wake ulimkuta Annah kazini, ndani ya stoo ya mashuka, saa ambayo vyumba vya ghorofa nzima vilikuwa havijamalizika. *Nimecheza dakika nane. Pointi nne. Tumefungwa. Huku ni baridi sana.*

Annah aliusoma amesimama. Kisha alirudishia mlango wa stoo, akaketi juu ya rundo la mataulo, kitu alichowakataza wasafishaji wake wote wasifanye, akausoma tena. Nje koridoni, Dorah, msafishaji wa zamu yake, alikuwa anamwita amwonyeshe chumba kipi kinafuata. Annah alimsikia. Aliandika, *Umekula?* akakaa na simu mkononi, akingoja jibu.